Kuchagua pa kutembea Lamu: uliza maji kwanza, bei baadaye

Ikifika Disemba simu yangu haitulii. Rafiki wa Nairobi, shemeji wa Nakuru, mtu tulisoma naye zamani hata sura yake nshaisahau, wote wanakuja Lamu na wote wananitumia orodha ileile waliyoitoa mtandaoni, Takwa, Matondoni, Shela, Pate, Kiwayu, snokeli, ngome, kuangalia jua likizama na jahazi, alafu chini kabisa wameandika "siku tatu". Siku tatu bana! Mimi huwajibu kwa swali moja tu, unafika mwezi ngapi? Wananiambia tarehe 20. La, siulizi kalenda ya benki, nauliza mwezi wa angani, manake huku kisiwani anayepanga siku yako si wewe wala si hoteli, ni maji.

Wengi hupanga kinyume, wanaanza na bei, wakishapata boti rahisi ndo wanauliza itawapeleka wapi, alafu maji yakiwatoka wanarudi kwao wakisema Lamu ni ghali na hakuna cha kuona. Hii hapa ndo njia yangu mimi, nshaitumia na wageni wa kila namna, wenye watoto, wenye magoti mabovu, wenye pesa na wasio nazo.

Kwanza, jua mwezi ngapi

Apu huhitaji. Ingia duka lolote mtaa wa Langoni uangalie kalenda ya Kiislamu ukutani, ama simama kwenye baraza utoe salamu na uulize, leo mwezi ngapi wazee? Watakwambia, na watakuongezea mengine ambayo hukuyauliza.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi na mwezi 15 na siku mbili tatu zinazofuata, hiyo ni bamvua. Maji yanajaa sana na yanatoka sana. Wakati huo kujaa kwa mchana ni saa kumi kuelekea saa kumi na moja jioni, na asubuhi kwenye saa nne ufuo uko mtupu, boti zimelala kwenye mchanga kama ng'ombe. Mwezi 7 na 8, na tena mwezi 22 na 23, ni maji mafu, hayajai kwa nguvu wala hayatoki kwa nguvu, na kujaa kwake ni kama saa nne asubuhi. Hizo siku za katikati unahesabu kwa vidole, kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, leo yamejaa saa nane, kesho karibu saa tisa, kesho kutwa saa kumi kasoro. Basi, ni hayo tu. Yanateleza kidogo huku na huku kwa hivyo jioni ya kuamkia safari pita gatini uulize tena, lakini ukishakuwa na hesabu hiyo kichwani hakuna mtu atakuuzia safari ambayo haiendeki.

Pili, upepo

Hapa sikai sana. Kuanzia Novemba mpaka Machi ndo bahari nzuri, kaskazi inavuma, maji maangavu, snokeli unaona samaki kweli. Aprili na Mei ni masika, mvua, hoteli nyingi zinafunga. Kusi ikishika, sanasana Juni mpaka Agosti, nje ya mlango wa bahari pale mbele ya Shela mawimbi yanapanda na maji yanachafuka, kwa hivyo mtu akikwambia Julai atakupeleka Manda Toto uone matumbawe, muulize ataona nini yeye mwenyewe. Lakini kusi ina raha yake, hakuna joto, wageni wachache, bei unazungumza, na ndani ya mkondo kati ya Lamu na Manda tanga linajaa upepo vizuri kabisa. Ukija kusi toa snokeli kwenye orodha na usihuzunike.

Tatu, panga zile safari zinazotegemea maji kabla ya kitu kingine

Takwa ndo ya kwanza, na Takwa nina hadithi nayo.

Kwa asiyejua, Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili pale Manda, ng'ambo tu, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17 alafu watu wakahama, na wazee wa Shela husema asili yao ni huko. Kuna msikiti wa Ijumaa wenye nguzo imesimama juu ya kibla, kuna kaburi la nguzo, na kuna mibuyu mikubwa na ukimya ambao mjini huupati. Njia yenyewe ndo nusu ya raha, boti inaingia kwenye hori, mikoko kushoto na kulia, njia inazidi kuwa nyembamba mpaka unaweza kushika majani. Na hori lile linapitika maji yakiwa yamejaa tu.

Sasa mwaka mmoja alikuja mama mkwe wangu kutoka Murang'a, mara yake ya kwanza kuona bahari. Nikataka kumfurahisha, na nikataka pia kuokoa pesa, nikachukua boti ya kijana mmoja aliyenipunguzia bei mpaka nikajiona mjanja. Ilikuwa mwezi 10. Hesabu mwenyewe, mwezi 10 maji yanajaa saa sita mchana. Tukafika Takwa saa sita na nusu, vizuri sana, mama mkwe akazunguka, akauliza maswali, akakaa chini ya mbuyu, mke wangu akafungua sufuria ya pilau. Mtu mzima akila pilau yake humwambii ainuke. Mimi niliyezaliwa Lamu nikaangalia saa nikaona saa nane na nusu, nikamwangalia kapteni, kapteni akasema hakuna shida, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nataka kuamini hakuna shida.

Tuliondoka saa tisa. Nusu ya hori boti ikaanza kukwaruza chini. Kapteni akazima mashine akashika pondo, akasukuma, tukaenda hatua kumi, tukakwaruza tena, alafu ikatulia. Tukapwelewa. Maji unayaona kwa macho yako yanakimbia kuelekea baharini na wewe uko pale, baada ya dakika ishirini boti ikaanza kulala ubavu polepole, mama mkwe ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na kwenye matope kaa wadogo wekundu wakatoka kila shimo kutuangalia.

"Sasa tunangoja nini, kapteni?" mama akauliza.

"Maji, mama."

"Yanakuja saa ngapi?"

"Yatakuja tu, mama, hayana pengine pa kwenda."

Yalikuja karibu saa tatu usiku. Masaa sita kasoro kidogo. Saa kumi na mbili jioni mbu wa mikokoni wakaamka wote pamoja, kapteni yeye alishajifunika tanga akalala. Mama mkwe hakulalamika hata neno moja, na hilo ndo lilinimaliza, angenigombeza ningepona. Mpaka leo akipiga simu, baada ya salamu huniuliza, na maji je, yamejaa?

Nikikumbuka huwa najifariji na vita vya Shela. Karibu mwaka 1812 Mazrui, watawala wa Mombasa, na watu wa kisiwa cha Pate walikuja kuipiga Lamu, wakashuka Shela, na wazee husimulia walipozidiwa wakakimbilia vyombo vyao wakakuta maji yameshatoka, vyombo viko juu ya mchanga. Wakaishia hapohapo. Jeshi zima, na lilikuwa na manahodha wa kweli, sembuse mimi na pilau.

Sheria ya Takwa basi: fika saa moja kabla ya maji kujaa, uwe umeondoka si zaidi ya saa moja baada ya kujaa. Mna masaa mawili, yanatosha. Pilau mle kwenye boti mkirudi.

Matondoni na Kipungani ziko upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, na nazo kwa boti zinataka maji yawe juu. Matondoni ndo wanaunda majahazi, na hapa nataka usimame uangalie, usipige picha moja ukaondoka. Utamkuta fundi amechuchumaa ubavuni mwa chombo, mkononi ana pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, anaishindilia kati ya mbao na mbao kwa nyundo na patasi butu, inchi kwa inchi, kazi hiyo inaitwa kukalafati na ndo inayozuia maji kuingia. Mbao anazipinda kwa jicho, mchoro wa karatasi hana. Ukikaa nusu saa utaelewa mengi kuliko kulipia saa mbili za kuzungushwa. Kipungani wao ni wasukaji, mikeka na kofia za ukindu, ukinunua nunua kwa aliyesuka mwenyewe. Huna mtoto mdogo na miguu iko sawa? Matondoni unaweza kutembea kutoka mjini kama masaa mawili, toka alfajiri kabla jua halijawaka, alafu urudi na boti.

Pate sikushauri kama una siku tatu, nasema hivi ingawa naipenda. Boti za abiria zinateremsha watu gati ya Mtangawanda na zinaondoka kwa kufuata maji, si kwa kufuata wewe, kwa hivyo ukienda panga kulala. Ukiwa na siku tano, hapo sawa, nenda Siyu uone ngome na mafundi wa ngozi, na kama unapenda historia kweli fika Shanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Kiwayu ni mbali zaidi, iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka 1979, karibu na mpaka wa Somalia. Usiende hata kama kapteni ana meno meupe kiasi gani kabla hujauliza watu wawili watatu na polisi hali ya usalama ikoje wiki hiyo.

Nne, mji wenyewe ujaze masaa yanayobaki

Watu huuweka mji mwisho, wanaupitia wakienda kupanda boti. Kosa. Mji wa kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wala hautegemei maji, ndo maana unafaa yale masaa boti haziendi. Bamvua, asubuhi yote maji yako nje, hiyo ni asubuhi ya mji. Maji mafu, jioni yako ndo ya mji. Umeona inavyojipanga yenyewe?

Kati ya sehemu za kulipia, ukiwa na nafasi ya moja tu mimi nakwambia makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari, uone siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la pembe ya ndovu, na mitindo ya vyombo vya baharini. Ukiwa na nafasi ya mbili, ongeza ile Nyumba ya Kiswahili, ni ndogo, dakika arobaini inatosha. Ingia ndani usimame mbele ya ukuta wa zidaka, zile safu za vishimo vya chokaa vilivyochongwa, uangalie jinsi vinavyopungua ukubwa kuelekea pembeni ili chumba chembamba kionekane kikubwa. Ngome nayo ni nzuri kwa watoto kwa sababu wanaweza kukimbia juu, ilianza kujengwa 1813 baada ya vile vita vya Shela, ikamalizika 1821, na ilikuwa jela mpaka mwaka 1984. Hospitali ya punda iko hapohapo mbele ya bahari, ipo tangu 1987, watoto hawabanduki pale. Malipo ya makumbusho siku hizi ni kwa eCitizen, kwa hivyo simu iwe na chaji, nimeona familia nzima imesimama mlangoni inatafuta mtu wa kuwalipia.

Alafu tembea Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani, bila kununua kitu, saa kumi na moja jioni jua likipungua. Punda akija nyuma yako mpishe, hana breki na mwenyewe hana haraka ya kukuomba radhi. Kula viazi karai na ukwaju, kunywa kahawa chungu barazani, zungumza. Guide wa mji anasaidia, nusu siku tu, ila mtafute kupitia pale unapolala, na mkubaliane mapema kama ni kutembea tu ama ni kutembea na kuingizwa maduka ya binamu zake.

Tano, Shela

Ufuo wa Shela una kilomita kama 12, huwezi kuukosa na huwezi kuumaliza. Kutoka mjini kwa miguu kwa njia ya pwani ni kilomita tatu, dakika arobaini na tano hivi, lakini bamvua maji yakijaa kuna sehemu njia inafunikwa kabisa, unatembea maji ya magoti na mkoba kichwani. Kwa hivyo enda kwa miguu maji yakiwa nje na urudi kwa boti, ama kinyume chake. Usiogelee pale kwenye mkondo boti zinapopita, tembea mbele kidogo. Yale matuta ya mchanga nyuma ya ufuo si mchanga tu, chini yake ndo kuna maji matamu mji mzima unayoyategemea, tembea lakini usiache taka.

Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Ukiingia kijijini ama mjini jifunike mabega na magoti, mwanamume na mwanamke, hakuna atakayekugombeza lakini utaona macho yanavyokwepa. Ijumaa mchana maduka mengi yanafunga kwa sala, na Ramadhani chakula cha mchana utakitafuta sana na hakuna kapteni wa kukupeleka jua likizama kwa sababu anafuturu. Mfungo sita, maulidi, ni kinyume, mji umejaa wageni mpaka vyumba hakuna, msikiti wa Riyadha usiku kucha ni matari na kaswida, ukitaka kuja wakati huo weka chumba mapema na usipange safari nyingi, kukaa tu ndo matembezi yenyewe.

Sita, kapteni

Sasa ndo bei. Wataanza kukufuata ukishuka tu kutoka boti ya Mokowe kule bara ama ya uwanja wa ndege wa Manda. Usikubali lolote siku hiyo, sema utazungumza kesho, salimia vizuri uende zako. Kesho ukikaa na mtu muulize hivi: tunaondoka saa ngapi na kwa nini saa hiyo? Akikujibu kwa maji, yaani akakwambia maji yanajaa saa fulani basi tutoke saa fulani, huyo ni kapteni. Akikwambia saa yoyote utakayo wewe bosi, huyo ni muuzaji. Swali hilo moja lingenipunguzia masaa sita ya mbu.

Mengine muulize wazi, jaketi za kuokolea ziko ngapi na azitoe uzione, bei ni ya boti nzima ama ya kila kichwa, samaki wa kuchoma na vifaa vya snokeli viko ndani ya bei ama vina bei yao, mashine ipo ama ni tanga peke yake. Tanga ni tamu zaidi lakini kama una ndege ya kupanda siku hiyo chukua yenye mashine. Lipa kianzio kidogo, kilichobaki mkirudi salama.

Mfano mmoja

Shemeji wa Nakuru, watoto wawili na bibi mmoja, anafika mwezi 13, siku tatu. Maji yatajaa saa nane na nusu siku ya kwanza, saa tisa na kitu ya pili, saa kumi na kitu ya tatu. Siku ya kwanza nikamwambia asubuhi apumzike na azunguke ngome, mchana kwenye saa tisa tanga ndani ya mkondo mpaka jua lizame. Siku ya pili asubuhi makumbusho na punda, saa saba wapande boti ya Takwa, wafike kabla ya saa nane na nusu, saa kumi wawe wanarudi. Siku ya tatu saa tatu asubuhi maji yako nje, watu wazima na watoto kwa miguu mpaka Shela, bibi kwa boti akawasubiri huko, wakaoga mpaka mchana, na saa kumi na moja maji yamejaa njia haipo, wote wakarudi kwa boti. Pate, Matondoni na Kiwayu akaziacha, akanung'unika kidogo.

Jana amenipigia, anataka kurudi Februari. Sikumsikia akitaja orodha, aliuliza tu mwezi 15 utaangukia siku gani.